Saa Tatu Asubuhi

Mashineni, 11 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za wote wanaokukumbuka huku. Sisi hatujambo, ila masikio, na hilo lisikupe taabu kuuliza. Daktari ameniambia mashine ya kusaga imeshayala, na kilichobaki kitakwisha chenyewe. Kwa hiyo acha kunipigia simu. Nikiiweka sikioni nasikia kama mafuta yanachemka, basi. Meseji nazo sizitaki, ni pumba tupu, unga haumo. Andika barua, ipeleke ofisi ya mabasi kama zamani, nitaichukua stendi siku nikienda kununua grisi.

Wifi yangu anaendeleaje na huyo mtoto asiyetaka kuota meno? Mwambie shangazi yake anamsubiri ayaote haraka aje kunisaidia kung'ata wateja wasumbufu.

Mkono unapona. Mkanda wa mashine ulininasa ule wa kulia, lakini vidole vipo vyote, wamenishona tu. Siku ile ile nilimwita mwanangu Chiriku aache masomo aje, na alikuja. Alikaa wiki nzima. Alisaga, alipima, aligombana na wateja kwa niaba yangu, na akaongea mpaka nyumba ikajaa. Mdomo wa mtoto yule! Jina nilimpa hajatimiza miaka miwili na hajawahi kuliangusha. Sauti ya watu wote imenipotea, yake tu ndiyo bado ninayo, maana anakuja mpaka sikioni na kupiga kelele kama mwenye ugomvi.

Sasa amekurudia huko. Hivi kweli chuo kizima kinakulipa ufundishe watu wazima kushika kipanya? Nikiwaambia wateja kazi ya mdogo wangu wanadhani natania. Haya, Mwalimu wa Kipanya, mwangalie mpwa wako. Huu ni mwaka wake wa mwisho. Akimaliza atakuwa mkemia, na hapa kwetu hakuna aliyewahi kuwa hata muuza dawa. Usimpendelee, lakini usimwachie mkono.

Dada yako.


Chumba cha kompyuta, 2 Machi

Dada yangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia vidole vipo vyote. Wifi yako anakusalimu sana. Mtoto hana jino hata moja lakini anauma vilevile.

Cheka tu kuhusu kipanya. Ungewaona wanafunzi wangu usingecheka, ungelia. Ni watu wa kemia wa mwaka wa mwisho, lazima wajue kompyuta kidogo ili waandike tafiti zao. Wanakutajia elementi zote toka juu mpaka chini bila kuvuta pumzi, lakini ukimwambia mtu ahifadhi faili anatazama kabati. Mashine nzima hazitoshi, kwa hiyo wanakaa watatu watatu: mmoja ameshika kipanya, wa pili anamwamrisha, wa tatu anatazama dirishani. Mtihani ukija anafaulu aliyeshika kipanya. Nimesema hilo kwenye vikao mpaka nimechoka, wananijibu nizidi kuwa mbunifu.

Wiki ile Chiriku alipokuwa kwako nilifundisha somo la saa, nikacheka peke yangu hadi nyumbani. Mtu amepima kitu saa tatu asubuhi, kwenye jedwali anaandika 3:00. Mashine haijui kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Kwake 3:00 ni usiku wa manane, watu wamelala. Nikawaambia, mdomoni sema saa tatu, kwenye mashine andika tisa. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa huo si uongo?" Darasa likavunjika mbavu. Chiriku atayapata kwa wenzake, si jambo kubwa.

Yeye hajambo. Utafiti wake ni wa maji ya machungwa. Anayaacha kwenye joto, na kila nusu saa anapima vitamini C iliyobaki. Nilipita maabara nikamwona na bureti, ule mrija wa kioo wa kudondoshea dawa. Dada, mkono wa mtoto yule hautetemeki. Likitakiwa tone moja, linadondoka moja, rangi ya bluu inatokea, anaandika. Na mdomo hausimami wakati wote huo, anamsimulia mtunza maabara habari za wateja wako.

Mdogo wako.


Mashineni, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Hapa mvua zimekatika mapema na wateja wamepungua, lakini tunakula. Mkono umepona, umebaki kovu la kutishia wasumbufu.

Nimempelekea fundi kitambaa cha nguo ya mahafali. Ni cha buluu, kizito, si kile cha kuchuja. Vipimo alinipa mwenyewe alipokuwa hapa, akamwongezea fundi na maelezo ya ukosi kwa muda wa kusuka mkeka. Kila anayekuja kusaga nimeshamwambia. Sasa nataka tarehe, maana watu wananiuliza na mimi najibu kwa tabasamu tu.

Halafu, meseji za mtoto zimekuwa fupi. "Nipo salama mama." Chiriku, maneno matatu? Ameanza kupungukiwa au ana mchumba? Kama ni mchumba niambie, nijue wa kumsagia bure.

Dada yako.


Chumba cha kompyuta, 30 Mei

Dada yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Sote hatujambo. Mtoto ameota jino la kwanza, la chini, na sasa anamgongea kila mtu na kijiko kulionyesha.

Huku kazi ni nyingi. Feni ya chumba cha kompyuta imeharibika. Ilikuwa inazunguka inalia, sasa hailii wala haizunguki. Bila feni mashine zinapata joto na kujizima zenyewe katikati ya somo, wanafunzi wanapoteza kila walichoandika. Nimemwandikia fundi umeme, fundi akasema feni si umeme, ni fenicha. Watu wa fenicha wakasema chochote chenye waya si chao. Kwa hiyo feni haina mwenyewe, inaning'inia tu pale juu kama mimi. Tena mwezi huu ndio wanaupitia mkataba wangu, na unajua mambo hayo yalivyo, mtu unapita kwenye korido kwa adabu.

Chiriku hajambo. Ana mambo mengi ya mwisho wa mwaka. Kuhusu nguo, mwambie fundi asiharakishe.

Mdogo wako.


Mashineni, 8 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Jino nimelisikia, hongera kwake.

Feni nimeielewa. Imejaza ukurasa. Mwanangu umempa mistari miwili. "Fundi asiharakishe" maana yake nini? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni na nazijua pumzi zako ukidanganya. Mtoto ana mimba? Anaumwa? Amefeli? Andika neno lenyewe, nilisome nikae chini.

Dada yako.


Chumba cha kompyuta, 17 Juni

Dada yangu,

Salamu nyingi. Umesema utakaa chini, basi kaa.

Hana mimba wala haumwi. Wanasema amepika majibu. Yaani, hakupima chochote, alikaa chumbani akabuni namba.

Ilikuwa hivi. Utafiti wake ulipelekwa kwa msahihishaji wa nje, mzee mmoja wa chuo kingine, mtu wa kusoma kila mstari. Kwenye safu ya muda Chiriku ameandika 3:00, 3:30, 4:00, anashuka hivyo mpaka 8:00. Unaelewa mwenyewe. Alianza saa tatu asubuhi akamaliza saa nane mchana, siku tatu mfululizo. Mashine ikaweka kwamba ni saa tisa usiku mpaka saa mbili asubuhi. Mzee yule akaulizia kama maabara yetu hufunguliwa usiku. Mtunza maabara, bila kujua anaulizwa ya nini, akajibu kwa majivuno kwamba tangu aajiriwe haijawahi kufunguliwa kabla ya saa mbili asubuhi. Basi. Hata uzuri wa kazi yake umegeuzwa ushahidi. Mstari wake umenyooka, na wao wanasema namba za kweli hazinyooki hivyo. Wangemwona na bureti.

Alipopata barua ya tuhuma alikuja ofisini kwangu analia. Siku hiyo hiyo faili likafunguliwa na saa zikarekebishwa, 3:00 ikawa 9:00, na nyingine vivyo hivyo. Ilikuwa kusahihisha kosa tu, Dada, kama unavyofuta tahajia. Lakini mashine inatunza siku ya kila badiliko. Kamati ilipoomba faili lenyewe, likaonekana limeguswa baada ya tuhuma. Sasa hawaulizi tena habari za saa. Wanauliza kwa nini mtu asiye na hatia alikimbilia kufuta.

Kamati inakaa wiki ijayo. Wameniita na mimi, kama mwalimu wa somo. Tusikate tamaa. Sikutaka kukwambia mpaka lijulikane moja, kwa ajili ya afya yako.

Mdogo wako.


Mashineni, 25 Juni

Mdogo wangu,

Sina salamu leo. Nimezima mashine saa za kazi, wateja wamesimama nje na madebe yao, wasubiri.

Nimetoa barua yako ya Machi nikaisoma tena. Somo la saa ulilifundisha wiki ile niliyomwita mimi. Wewe hukulisema hilo kwenye barua hii, umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi, ahsante kwa kunihurumia. Nimevitazama vidole vyangu vitano. Ningepewa nichague leo, ningeutoa mkono wote huu mtoto abaki darasani.

Lakini kuna kingine. Umeandika "faili likafunguliwa na saa zikarekebishwa". Nani alilifungua? Wewe ni msomi, unajua kuandika "alifungua". Unga haujisagi, mdogo wangu. Alipokuja kwako analia, ulimwambia nini? Nijibu hilo tu. Na mbele ya hiyo kamati usimame useme kwa sauti, usiseme kwa kile kisauti chako cha korido.

Dada yako.


Chumba cha kompyuta, 12 Julai

Dada yangu,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo. Mtoto ana meno manne. Mkataba wangu nao umeongezwa miaka miwili, tumshukuru Mungu.

Kamati ilikaa. Nilisimama. Niliwaeleza habari ya saa yetu na saa ya mashine, nikaandika ubaoni, nikawaonyesha kwamba hata wanafunzi waliohudhuria somo bado wanakosea. Nikasema mimi na mtunza maabara tulimwona na bureti, wakajibu kwamba hilo halithibitishi namba za siku tatu hizo. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri. Akavua miwani, akasema, "Mwalimu, mimi mwenyewe nimewahi kuchelewa ndege kwa kosa hilo hilo. Ningemwamini huyu binti palepale. Lakini aliyekosea saa huja akasema nimekosea saa. Huyu alifuta kwanza." Nikakaa.

Hawajamfukuza moja kwa moja. Wamempa karatasi. Akisaini kwamba alibuni namba na anaomba radhi, atakaa nje nusu mwaka, Januari anarudi, anarudia utafiti, anapata shahada yake. Asiposaini mpaka mwisho wa Agosti, jina linafutwa na hakuna chuo kitakachompokea. Amekataa. Aliiacha karatasi mezani akatoka. Nadhani utakapopata barua hii atakuwa amefika kwako, nimemwekea nakala ya karatasi kwenye bahasha.

Dada, mwambie asaini. Mimi hanisikii tena. Wewe ukimwambia atasaini. Ni neno tu kwenye karatasi, baada ya miaka mitano nani atalikumbuka? Najua hakubuni chochote, wewe unajua, Mungu anajua, inatosha. Mwenzake mmoja alisaini mwaka juzi na leo anafanya kazi kwenye maabara ya maji, ana koti jeupe na jina kifuani. Mbishi hashindi na chuo. Tafadhali, nakuomba kwa heshima ya mama yetu.

Mdogo wako.


Mashineni, 29 Septemba

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu, sikuwa na ugonjwa. Salimia nyumbani.

Chiriku alifika kabla ya barua yako. Alishuka na begi moja na sanduku la vitabu, na usiku wake hakula. Asubuhi alinifuata mashineni, nikazima injini, akanikamata kichwa kwa mikono miwili akaweka mdomo sikioni. Akaniambia yote. Kwamba alipokuja kwako analia ulimwambia, "Hilo tu? Fungua urekebishe, ni kazi ya dakika tano." Kwamba ulimvutia kiti mwenyewe. Kwamba kamati ilimuuliza nani alimshauri kubadilisha, naye akajibu hakuna. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, viti viwili kutoka kwake, unatazama meza.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanipigia kelele sikioni mpaka nikaumia: "Mkataba wake, mama! Na mtoto ndiyo kwanza anaota meno!" Halafu akacheka. Unakijua kile kicheko chake cha kukatisha maneno.

Nilikaa nikatafuta tusi la kukutukana, nikakuta nimeshalitumia kwa wateja. Na tena, ningekutukana kwa kinywa gani? Barua yako ilipofika niliisoma, na niliitii. Nilimwambia asaini. Aliniuliza, "Niandike kwamba nilidanganya, mama? Wewe unataka niandike hivyo?" Nikamjibu, "Andika, mwanangu, karatasi haiumi." Alinitazama kidogo. Akasaini pale pale juu ya gunia, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya mabasi isije ikachelewa.

Tumesema ni kwa ajili yake, mimi na wewe. Uongo. Angekataa kusaini, wangeendelea kuuliza nani alimwambia afute, na mimi ningeendelea kujiuliza nani alimtoa darasani. Aliposaini, tukalala usingizi sote wawili. Tumemuuza kwa bei ya usingizi wetu. Sikuandikii hili ili ulie, nakuandikia kwa sababu huku hakuna mwingine wa kumwambia.

Chuo wameleta jibu. Nafasi yake ipo, Januari aripoti. Nilimpa barua, akaisoma, akaikunja, akaendelea kufagia pumba. Hatarudi. Sijamuuliza, lakini mkono wangu naujua na mtoto wangu namjua.

Ananisaidia kazi vizuri. Anapima bila kukosea, wateja wanampenda. Na mimi tangu siku ile ya gunia nimekuwa nikimpita ubavuni, namkabidhi debe bila kumwangalia usoni, kwa aibu. Jioni tunakula, mimi nimetazama sahani. Sauti yake sikuisikia tena, nikajua basi, daktari alisema kweli, na ile iliyokuwa imebaki imekwisha. Niliililia, nakwambia ukweli. Nililia peke yangu stoo kwa sababu ya masikio.

Juzi mke wa fundi viatu alileta mahindi. Alipomaliza akanivuta kando, akanionyesha mwanangu kwa kidole, kisha akagusa mdomo wake na kutikisa mkono: mbona hasemi? Nikamwambia anasema sana, mimi ndiye sisikii. Akakataa kwa kichwa. Akamwita mwingine, naye akakataa kwa kichwa. Wakaniandikia vumbini, kwa kidole, kwamba tangu Agosti hakuna mtu aliyemsikia.

Ndipo nikamwinulia macho mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu asaini. Alikuwa amesimama mlangoni na debe, amefunga mdomo, ananisubiri nimpishe apite.

Miezi yote hii, mdogo wangu, nilidhani ni masikio yangu.

Dada yako.